Huyu Ndege wa Nyayo Mnayeniuliza Kila Siku

Kila wiki kuna mtu mpya anaingia kwa komenti na swali lilelile: kwani huyo ndege mbaya ni wa nini? Wengine wanauliza kwa upole. Wengine wanaandika tu, "manze toa hiyo picha, niko nakula." Juzi mmoja akasema ndege wangu anafanana na mjomba wake siku ya mazishi. Huyo nilimwekea kopa, kwa sababu amekaribia ukweli.

Basi leo naandika yote mara moja, nikiulizwa tena niwe natuma hii tu. Ni ndefu. Kama uko kwa mat na jamu imeshika, uko sawa.

Ndege mwenyewe anaitwa marabou. Ukitaka Kiswahili cha kitabu, kongoti. Kama umewahi kupita raundabauti ya Nyayo Stadium unamjua, hata kama hujui kwamba unamjua. Ni wale ndege wakubwa wanaosimama juu ya migunga kama wazee wanaongoja baraza la chifu lianze. Kichwa kina upara na nywele tatu nne za kusingizia. Shingo ni ya pinki, na mbele yake kuna mfuko unaoning'inia kama soksi tupu. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, mabega juu. Wazungu walimbandika jina la mtu wa kuzika maiti, na ukimwangalia kwa nyuma unaona kweli, hilo ni koti la mazishi.

Nilimchagua mwaka wa 2023, nikiwa bado campo, mwaka wa pili, nasomea kuchora picha za vitabu, mabango na pakiti za bidhaa. Tulikuwa na lekchara mmoja tuliyekuwa tunamwita Prof ingawa hakuwa profesa. Akatupa kazi ya semista nzima: kila mtu achague ndege mmoja, mmoja tu, halafu afanye projekti tano juu ya huyo ndege. Ya kwanza, kumchora akiwa hai mbele yako, si kutoka kwa simu. Ya pili, bango. Ya tatu, kitambaa au nguo. Ya nne, ukurasa wa kitabu cha watoto. Ya tano, chochote unachotaka.

Wasee walikimbilia warembo. Flamingo walichaguliwa na watu watatu. Korongo mwenye taji, yule wa bendera ya Uganda, akaenda. Kuna dem alichagua tausi, na sijui alipanga kumpata wapi tausi hai Nairobi, lakini hiyo ni stori yake. Ilipofika zamu yangu nikasema marabou, klasi ikacheka. Ukweli ni kwamba sikuwa na falsafa yoyote. Sikuwa na nauli ya kwenda Nakuru kuangalia flamingo. Nilikuwa nakaa na rafiki yangu kwa bedsita yake Madaraka, na marabou walikuwa umbali wa kutembea, bure, asubuhi mpaka jioni.

Prof aliandika jina kwa orodha yake, akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Utajua kwa nini hakuna mtu humchora."

Nikajua, lakini si vile alivyofikiria.

Kitu cha kwanza: marabou ni modo bora kuliko binadamu yeyote niliyewahi kumchora. Anasimama. Hatingishiki. Unaweza kuchora mguu mmoja, ukanunua mayai boilo na kachumbari, ukarudi, mguu bado upo palepale. Prof alikuwa ametuonyesha picha za Audubon, yule Mmarekani aliyetoa *The Birds of America* kati ya 1827 na 1838. Picha 435, kila ndege kwa ukubwa wake halisi. Ni kazi ya kukutoa machozi, lakini jamaa alikuwa anawapiga risasi kwanza, halafu anawasimamisha kwa waya ndio wakae kama wako hai. Mimi sikuhitaji waya. Nilihitaji tu kofia, kwa sababu ukisimama chini ya ule mti bila kofia, shauri yako.

Kitu cha pili: kichwa chake kinakataa kuchorwa. Nilijaza daftari nzima na vichwa na vyote vilikuwa vibaya kwa njia isiyofaa. Nikiweka makunyanzi mengi anakuwa katuni. Nikipunguza anakuwa kuku aliyenyonyolewa. Siku ya nane hivi ndio niligundua kosa. Nilikuwa nachora ubaya, sikuwa nachora kichwa. Upara ule una kazi. Huyu ni ndege anayekula mizoga na takataka, anaingiza kichwa mahali ambapo manyoya yangeshika damu na uchafu yakaoza. Yuko vile kwa sababu ya kazi yake. Nilipoanza kuchora mfupa, halafu ngozi juu ya mfupa, halafu yale madoa meusi kwa uso, mstari ukakubali. Projekti ya kwanza nikapata 71. Sitaficha, nilipiga picha hiyo alama.

Bango lilikuwa noma. Nilimchora marabou amesimama juu ya taa ya barabarani, mabega juu, nyuma yake Nairobi yote na nguzo za Expressway, na maneno mawili tu chini: KARIBU NAIROBI. Klasi ilikufa kwa kicheko, Prof mwenyewe akacheka mpaka akatoa miwani. Akanipa 58. Akasema bango la utalii ni la kuvutia watu, si kuwaonya. Bado naamini lilikuwa bango bora kuliko yote klasini. Hiyo Expressway ilifunguliwa 2022, na kuijenga kulikata miti mingi kando ya Mombasa Road. Marabou bado wako hapo Nyayo, juu ya ile iliyobaki, wanaangalia magari. Niambie kama kuna mwenyeji mwingine wa Nairobi anayestahili kukukaribisha zaidi ya huyo.

Ya tatu ndio ilimwingiza mathe kwenye hii stori.

Mathe huuza mitumba Imara Daima, nguo za watoto zaidi. Siku za kununua huamka saa kumi usiku, anapanda mat mpaka tao, kisha anaenda Gikomba kabla wanunuzi wengine hawajachagua vizuri vyote. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba yale manyoya laini yanayoshonwa kwa mikono ya gauni za kulala za kifahari, zile za kwa sinema, yanaitwa marabou, kwa sababu zamani yalitolewa kwa huyuhuyu ndege, manyoya ya chini ya mkia, meupe na mepesi. Siku hizi mengi ni ya bata mzinga, lakini jina limebaki. Hebu fikiria. Ndege anayeitwa mbaya dunia nzima, na chini ya lile koti la mazishi alikuwa amebeba urembo wa matajiri.

Nikampigia mathe simu, nikamwambia akiona gauni kama hiyo kwenye baloo aniwekee. Alicheka. "Unataka kuolewa na nani na hiyo nguo?" Lakini wiki mbili baadaye alinitumia moja na mtu wa mat, ya pinki, imefungwa kwa karatasi ya nailoni. Akanitext: *hii haingeuzika hata kwa mkopo*. Niliitandika mezani, nikachora juu yake kwa wino mweusi kundi zima la marabou wakizunguka pindo. Alama 76. Nilimwambia mathe kwamba hiyo 76 ni yetu wawili.

Sasa hapo ndio napunguza mwendo, kwa sababu sehemu inayofuata siipendi.

Kabla ya projekti ya nne, mlinzi wa geti aliniomba kitambulisho, akaangalia karatasi, akaniambia jina langu liko kwa orodha. Deni la karo lilikuwa shilingi 63,400. Nilijua lipo. Nilikuwa nimeenda ofisini mara tatu kuomba muda, na muda wenyewe ulikuwa umeisha. Bila kulipa, hakuna klasi, hakuna mtihani, hakuna kuwasilisha kazi. Mlinzi aliongea kwa heshima, hata aliomba msamaha, na sijui kwa nini hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Ningempigia mathe siku hiyohiyo, hii stori ingekuwa fupi. Sikumpigia. Karo ya semista ya kwanza alikuwa ameikopa kwa chama chake, na nilikuwepo nyumbani siku ile mama mmoja wa chama alipokuja kuuliza pesa akiwa amesimama mlangoni, amekataa kuingia, amekataa chai. Niliona uso wa mathe. Nikajiambia nitatafuta kazi kimyakimya, nilipe, nirudi, asijue kitu. Nikaanza kuchora nembo za watu mtandaoni kwa bei za aibu. Kuna jamaa alinilipa 300 kwa nembo ya kinyozi na akaomba nibadilishe mara sita.

Na kila asubuhi, saa mbili na nusu, nilikuwa naenda Nyayo na ubao wangu wa kuchorea. Usiniulize kwa nini. Hakuna mtu alikuwa anangoja hizo projekti tena. Labda ni kwa sababu mtu aliyezoea kwenda klasi anahitaji mahali pa kwenda. Labda ni kwa sababu zilikuwa tano na nilikuwa nimefika tatu, na mimi ni mtu wa kumaliza chakula hata kama ni kibaya.

Wakati huo kulikuwa na viota. Marabou hutaga kiangazi, mayai mawili au matatu, na kifaranga hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuruka. Nilihesabu, ni karibu semista nzima. Nilichagua kiota kimoja kilichoonekana vizuri kutoka kando ya barabara, nikawa nakichora kila siku. Hiyo ikawa projekti ya nne, ya watoto: ukurasa mmoja, kifaranga mwenye manyoya meupe anauliza mamake kwa nini hawaimbi kama ndege wengine. Kwa sababu ni kweli, marabou ni kama bubu. Anagongesha mdomo, anakoroma kidogo wakati wa kutafuta mchumba, basi.

Asubuhi moja ya Jumanne simu ikalia. Mathe. Jamu ilikuwa imeshika kutoka Bellevue mpaka raundabauti, mat zinapiga honi, makanga anaita tao, tao, tao.

"Uko wapi?"

"Niko klasi, mama."

Akanyamaza. Nikafunika simu kwa mkono, kama hiyo ingezuia honi.

"Mwalimu yuko ndani?"

"Ndio. Ametoka kidogo tu."

"Haya. Soma vizuri, mama." Kule kwetu mzazi akikupenda anakuita mama hata kama ni yeye mama. Akakata.

Nikaendelea kuchora. Najua hiyo inasikika vibaya. Nilichora mpaka mkono ukauma.

Projekti ya tano niliamua iwe ya Audubon: marabou kwa ukubwa wake halisi. Nilinunua manila, moja shilingi 20, nikaunganisha kwa gundi kumi na tano, nikabandika kwa ukuta wa bedsita. Rafiki yangu mwenye nyumba aliuliza swali moja tu, kama gundi itatoka siku ya kuhama. (Haikutoka. Samahani, msee.) Urefu haukuwa shida, marabou anafika kama mita 1 na nusu, ananikaribia mimi. Shida ilikuwa mabawa. Yakifunguka yanaweza kupita mita 2 na nusu, na ukuta wetu uliishia mlangoni. Audubon naye alikuwa na shida hii na flamingo wake: karatasi ilikuwa kubwa, karibu mita moja, lakini ndege alikuwa mrefu zaidi, basi akamwinamisha shingo mpaka chini. Nikasema marabou wangu hainami. Bawa likapita ukuta, likavuka fremu, ncha yake ikaendelea kwa mlango wenyewe. Kila mtu akiingia, bawa linapunga.

Nilitumia makaa ya kawaida ya jiko, wino, na rangi ya ukuta iliyobaki kwa keateka. Ilinichukua siku kumi na moja. Miguu niliipa rangi ya kijivu cheusi, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba hiyo ndiyo rangi yake halisi.

Mathe alikuja Jumamosi bila kupiga simu. Alikuwa na unga, sukuma, na nyanya ndani ya mfuko. Nilisikia hodi, nikafungua, bawa likapunga, na yeye akasimama hapo mlangoni kama yule mama wa chama. Nilidhani hataingia.

Aliingia. Akaweka mfuko chini. Akaangalia ule ukuta kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyowahi kuangalia kitu nilichochora, Prof akiwemo.

"Ndio huyu ulikuwa unamwangalia siku ile?"

"Siku gani?"

"Siku ulikuwa klasi." Akakaa kitandani. "Nilikuwa kwa mat. Dirishani. Nilikuona na ubao wako, nikajua una mwalimu nje. Ndio nikapiga simu nikusalimie."

Sina maneno ya kuandika nilivyojisikia, kwa hivyo sitajaribu. Nilimwambia yote. Geti, orodha, nembo ya kinyozi. Alisikiliza bila kunikatiza, na mathe ni mtu wa kukatiza. Nilipomaliza aliuliza ni pesa ngapi. Nikamwambia 63,400. Akaanza kuhesabu kwa vidole, najua hizo hesabu zake, ni baloo ngapi, ni miezi mingapi, halafu akaacha katikati.

Kuna mtu hapa atataka niseme kwamba kila kitu kilikuwa sawa baadaye. Sikurudi campo. Lile deni bado liko, na mpaka leo nikiona namba nisiyoijua najua inaweza kuwa ni wao. Prof alinitumia ujumbe mara moja kuuliza niko wapi. Nilimtumia picha za projekti ya nne na ya tano, akajibu kwamba hawezi kuzipa alama kwa sababu siko kwa mfumo, lakini kifaranga ni kizuri. Video ya kwanza mliyoniona nayo ilikuwa ya lile bawa la mlangoni. Wengi wenu mlinijia hapo, na naona wengine wamenitia kwenye ile listi ya "waliacha chuo na wakatoboa". Tafadhali nitoeni. Sijatoboa, nalipa nyumba kwa kuchelewa. Na sikuacha chuo kwa sababu nilikuwa mjanja kuliko chuo. Kuna vitu kuhusu kuchora mikono na vitambaa ambavyo bado sijui, ambavyo wale wa flamingo walifunzwa semista iliyofuata, na vinaonekana kwa kazi yangu. Ukiwa na karo, kaa klasi. Hiyo degree ni karatasi, sawa, lakini hata manila ni karatasi na nilikosa pesa yake siku nyingi.

Lakini mlikuwa mnauliza juu ya ndege.

Siku ile, baada ya kunyamaza sana, mathe aliinuka akasogea karibu na ukuta. Akainama chini, kwenye miguu.

"Huyu si wa Nyayo," akasema.

"Ni wa Nyayo, mama. Nimemchora huko miezi mitatu."

"Mimi napita hapo miaka kumi na tano. Miguu yao ni myeupe."

Nikamweleza. Kwamba miguu yao kwa kweli ni myeusi, ule weupe ni mavi. Kwamba jua likiwa kali wanajinyea miguuni makusudi, majimaji yakikauka yanawapoza. Nilieleza vizuri kabisa, kama mtu anayepresenti mbele ya klasi.

Mathe akaniangalia.

"Sasa wewe umewaosha kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Akauliza kama nina rangi nyeupe, nikasema iko kidogo, ile ya keateka. Akavua leso yake ya kichwani akaiweka kando isichafuke, akaketi chini kando ya miguu ya marabou, akaniambia nilete mkebe na nianze na mguu wa kushoto, kwa sababu huo ndio uko karibu na mlango na watu watauona kwanza.